Kuacha ofisi si kuacha nyumbani

Kuna swali linalowasumbua vijana wetu wengi wa mjini hivi sasa, na kwa bahati mbaya wazazi hulijibu kwa hasira kabla ya kulisikiliza. Swali lenyewe ni hili: Kama kazi yangu naweza kuifanya popote penye umeme na intaneti, kwa nini nikae ofisini Dar es Salaam mpaka nizeeke? Kwa nini nisichukue kompyuta yangu nikafanya kazi huku naiona ardhi ya Allah (s.w.)?

Zamani karani alilifuata jalada, na jalada lilikuwa ofisini. Leo jalada limo ndani ya kompyuta. Maradhi ya corona yalipofunga maofisi mwaka 2020, waajiri wengi duniani waligundua kuwa kazi zinakwenda hata kama viti viko tupu. Mwaka huo huo nchi ya Estonia ikaanzisha viza maalumu kwa watu wa aina hii. Mwaka 2024 jirani zetu wa Kenya nao wakaanzisha kibali kwa wageni wanaoishi humo huku wakiwafanyia kazi waajiri walio nje. Nenda Paje au Jambiani, Unguja, utawakuta Wazungu wamekaa vibarazani na kompyuta zao, mchana wanafanya kazi ya Berlin au London, jioni wanaogelea. Kijana wetu anawaona, naye ana kompyuta kama yao. Je, ana kosa gani kujiuliza?

Jirani yangu mmoja hapa Mtoni kwa Aziz Ali aliniomba nizungumze na mwanawe. Kijana huyo anashughulikia mambo ya kompyuta katika ofisi moja huko Mikocheni. Usiku hutengeneza tovuti kwa ajili ya wateja walio nje ya nchi, na kipato cha usiku sasa kimeupita mshahara. Anataka kuacha ajira, aanzie Nairobi, aende Kigali, kisha Istanbul na kwingineko, mwezi hapa, miezi miwili pale. Baba yake kwa uchungu aliniambia: "Ustadhi, nimemsomesha, sasa anataka kuwa mzururaji."

Tulikaa baada ya swala ya Isha. Kijana ana adabu, alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akanijibu hivi: "Ustadhi, mimi natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, narudi saa mbili usiku. Mama namwacha amelala, na mara nyingi namkuta amelala. Magharibi inanikuta ndani ya daladala. Mnasema nikiondoka nitawanyima haki zao. Ni haki ipi ninayowapa sasa?"

Ndugu msomaji, hoja hiyo si ya kupuuzwa. Wengi wetu tumeifanya ofisi kuwa kama nguzo ya sita ya Uislamu. Mtu akiwa na kitambulisho shingoni tunasema ametulia, hata kama hajui watoto wake wanasoma darasa la ngapi. Ofisi si ibada. Ni mkataba wa kuuza saa zako kwa malipo, na mkataba huo una mlango wa kutokea. Kwa mujibu wa sheria ya ajira ya mwaka 2004, mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi, akishapita mwezi wa mwanzo, anatoa taarifa ya siku 28 na kuondoka zake. Hakuna dhambi hapo.

Wala safari si jambo geni kwetu. Katika Surat Jumu'a tumeamrishwa kutawanyika katika ardhi kutafuta fadhila za Mola wetu swala ikishamalizika, na katika Surat Mulk tumeelekezwa tutembee katika pande zake na tule riziki yake. Pwani hii yote imejengwa na watu waliosafiri. Mchukueni Sayyid Ahmad bin Sumeit, aliyezaliwa Itsandra, Ngazija, mwaka 1861. Katika ujana wake alikuwa nahodha wa jahazi. Kisha Sultan Barghash akamfanya kadhi wa Zanzibar. Walipohitilafiana, hakung'ang'ania kiti. Mwaka 1885 aliondoka akaenda Istanbul kusoma kwa Sayyid Fadhl, akapita Misri na Makka, akazidi kutafuta elimu. Alirudi mwaka 1888 baada ya Barghash kufariki, akawa kadhi tena, na alipofariki mwaka 1925 alikuwa miongoni mwa wanazuoni wakubwa wa Afrika Mashariki. Nani atathubutu kumwita mzururaji?

Basi kama ofisi si ibada na safari si haramu, tatizo liko wapi?

Tatizo ni kuwa tumeyafunga mambo mawili katika fungu moja. Kuacha ofisi ni jambo moja na kuondoka nyumbani ni jambo jingine. Kijana alipolalamika juu ya saa kumi na tano anazokuwa nje kila siku, alikuwa analalamikia ofisi na foleni. Dawa ya ugonjwa huo ni kufanyia kazi Mtoni, si Istanbul. Akifanya kazi nyumbani atapata alasiri yake, swala ya jamaa, na mama yake atamwona jua likiwaka. Hoja yake inatosha kabisa kumtoa Mikocheni, lakini haimfikishi Nairobi. Kwa ajili ya Nairobi inabidi alete hoja nyingine.

Nilimweleza hivyo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Lakini nitakuwa natuma pesa."

Hapo ndipo nilipomkumbusha habari ya Ibn Batuta. Wote tunamjua na kumsifu, kwani alifika mpaka Kilwa mwaka 1331. Huyu ndiye hasa mtu aliyefanya kazi huku akizunguka dunia. Aliondoka Tangier mwaka 1325 akiwa na umri wa miaka 21, nia yake ikiwa Hija. Elimu yake ya sheria ilikuwa ndiyo kompyuta yake: alikuwa kadhi Delhi, akawa kadhi tena visiwa vya Maldives, na kila alikofika alipata mshahara, nyumba na mke.

Lakini soma upande wa pili wa habari hiyo, maana ameusimulia mwenyewe. Alimwacha mke mjamzito Damascus. Akiwa India akapata habari kuwa amezaliwa mtoto wa kiume, naye akatuma dinari 40 za dhahabu kwa babu wa mtoto. Aliporejea Damascus mwaka 1348 aliuliza habari za mwanawe, akaambiwa amekwishafariki tangu miaka 12 iliyopita. Katika mji huo huo akakutana na mtu wa kwao, akamuuliza kuhusu wazazi. Akaambiwa baba alifariki miaka 15 nyuma, mama yu hai. Mwaka uliofuata, akiwa njiani kurudi kwao, akapata habari kuwa mama naye amechukuliwa na tauni.

Alituma pesa. Dinari 40 za dhahabu si kidogo. Lakini mtoto hakumwona baba yake hata siku moja. Sisi leo tuna simu, na habari ya msiba tunaipata dakika ile ile. Hata hivyo simu haimpeleki mama kliniki.

Na mama wa kijana huyu ana ugonjwa wa shinikizo la damu. Kila mwezi huenda hospitali ya Temeke. Nani humpeleka? Dada yake mdogo. Binti huyo ana cheti cha uhasibu, anaandika vitabu vya hesabu vya maduka mawili, naye angeweza kuifanya kazi yake popote kama kaka yake. Hakuna aliyemuuliza kama naye anatamani kuona dunia. Katika mipango yote ya safari nilioonyeshwa, yeye amehesabiwa kama ukuta wa nyumba: yupo tu, hatikisiki.

Ndugu zangu, huu ndio msingi wa maneno yangu. Kila anayezunguka, kuna aliyebaki. Uhuru wa mmoja umesimama juu ya mabega ya mwingine, na mara nyingi mabega hayo ni ya dada au mke, ambaye hakushauriwa wala hatashukuriwa. Mtu mmoja alimwendea Mtume (s.a.w.) kuomba ruhusa ya jihadi, akaulizwa kama wazazi wake wako hai. Aliposema wako hai, akaelekezwa kwao. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Ikiwa mwenye kutaka jihadi aliulizwa swali hilo, vipi mwenye kutaka kubadilisha hewa? Na Sayyidna Umar (r.a.) aliposikia malalamiko ya mwanamke ambaye mumewe yuko jeshini, aliwawekea askari muda wa kukaa mbali na wake zao. Riwaya nyingine zinataja miezi minne, nyingine sita. Walikuwa katika kazi ya dola, na bado haki ya mke haikufutwa.

Kijana aliniuliza: "Mbona walioko Muscat na Dubai miaka kumi, na mabaharia wa Temeke hii hii, hamuwaulizi?" Swali zuri. Jibu langu ni kuwa nao wanapaswa kuulizwa. Lakini ipo tofauti. Aliyeko Muscat ameondoka kwa haja: hakupata hapa cha kuwalisha watoto. Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa safari ina adhabu ndani yake, na kwamba mtu akishamaliza haja yake aharakishe kurudi kwa watu wake. Kwa hiyo haja ndiyo kipimo. Asiye na haja, atajuaje kuwa ameimaliza? Atarudi lini?

Mafakihi wetu wa madhehebu ya Shafi'i waliliona jambo hili zamani. Msafiri anaruhusiwa kupunguza swala, lakini kwa sharti awe na mwisho wa safari anaoujua. Yule anayekwenda tu bila kujua aendako wanamwita haaim, na haruhusiwi kupunguza hata akienda masafa ya mbali kiasi gani. Aidha, msafiri akinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, hukumu ya safari imemwondokea. Swala anaitimiza. Maana yake, ndugu msomaji, anayekaa mwezi mzima Kigali si msafiri siku hizo. Ni mkaazi, ana majirani, na majirani wana haki juu yake. Anayedhani kuwa maisha ya kuhamahama yatamfungua na wajibu wa watu anajidanganya, kwani ameongeza majirani wengine juu ya wale aliowaacha Mtoni.

Lipo pia suala la milango. Mzungu hulipia viza yake uwanja wa ndege wa Zanzibar na kuingia. Kijana wetu akitaka kwenda Ujerumani ataomba viza na kuonyesha taarifa za benki, na bado anaweza kukataliwa. Hili nalo halikuanza leo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Mwaka 1904 akaoa mwanamke wa Kijerumani, na alipotaka kurudi naye nyumbani utawala wa kikoloni ulimzuia mkewe kushuka. Wakarejea Ujerumani, naye akafia Berlin mwaka 1927. Mtu alifungiwa mlango wa pwani aliyozaliwa! Njia ya dunia haiko sawa kwa wote, na anayeondoka aijue njia yake ya kurudi kabla hajafunga begi.

Na asisahau vile vidogo ambavyo ofisi huvificha ndani ya mshahara. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hubeba angalau nusu. Pensheni ya uzee inahitaji michango ya miezi 180. Akiacha ajira, nusu ile ya mwajiri inakuwa yake, na ugonjwa unakuwa wake. Mfuko huo unapokea waliojiajiri pia, lakini ni wangapi hujiandikisha? Mtembezi hula miguu yake, wahenga walisema, na uzeeni miguu hiyo haipo.

Basi nasema hivi kwa vijana. Ukiichoka ofisi na riziki yako ina njia nyingine ya halali, toa taarifa yako na uondoke kwa wema. Ukitaka kusafiri, safiri kwa haja: elimu, biashara, Hija, kuunga udugu. Taja utakaporudi. Lipa madeni yako kwanza. Kisha kaa na wale watakaobaki, uwaulize, na dada yako awe wa kwanza kuulizwa. Kama kumpeleka mama kliniki ni kwa zamu, hesabu zamu yako kabla hujahesabu nauli. Na ikifika zamu ya dada kusafiri, wewe ubaki.

Kwa wazazi nasema: msiwalazimishe watoto kukaa kwenye viti visivyo na baraka kwa ajili ya majirani kusema mtoto wa fulani yuko ofisini.

Na kwa viongozi wa misikiti yetu: vijana wengi hukimbilia mbali kwa kukosa mahali tulivu pa kufanyia kazi karibu na kwao. Nyumba zetu za Mtoni zimejaa watu na umeme hukatika. Madrasa zetu nyingi ziko tupu asubuhi mpaka adhuhuri, watoto wakiwa shule. Meza, intaneti na jenereta ndogo kwa mchango wa wanaozitumia, je, ni jambo la kutushinda? Kijana angefanya kazi ya mteja wa London hatua mia kutoka kwa mama yake, na adhuhuri angeswali safu ya kwanza.

Wallahu a'alam.