Mpe Jembe

Lipo swali ambalo aghalabu hulipita kando, kwa kudhani kwamba wema umekwisha kulijibu: je, kumpa mtu kazi kwa sababu unamhurumia ni kumpa kazi? Nataka kulitazama swali hili katika kazi moja tu, nayo ni ile ya kuhamisha nyaraka kutoka karatasi kwenda katika kompyuta. Kazi ambayo katika nchi kadhaa imeteuliwa makusudi kwa watu wenye ulemavu na kwa askari wastaafu.

Mifano ipo. Mwaka 2001, mjini Phnom Penh nchini Cambodia, shirika la Digital Divide Data lilianza kwa kuwapa vijana wa huko, wakiwamo wenye ulemavu, kazi ya kuingiza katika kompyuta matoleo ya zamani ya Harvard Crimson, gazeti la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 2011 shirika hilo likafungua ofisi Nairobi. Nchini Marekani, mwaka 2009, Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi kilianzisha mpango wa kuwaajiri askari waliotoka jeshini, baadhi yao wakiwa na majeraha, ili wapange mikusanyo ya mambo ya kale, waipige picha na kuhifadhi kumbukumbu zake katika kompyuta. Hoja ya mipango ya namna hii ni nyepesi kufahamika: kazi hii haitaki miguu, inataka jicho, subira na uaminifu.

Walakini, ndani ya hoja hiyo umo mwiba. Kazi inasifiwa kwanza kwa kile isichokitaka. Na msemo wetu wa "hujafa hujaumbika", ambao hutukanya tusimcheke kilema, nao unatufunza huruma yenye mizizi katika khofu: mtendee wema, maana kesho huenda ukawa wewe. Ni huruma njema kuliko kejeli, lakini bado macho yake yanamtazama mhurumiaji mwenyewe, si mhurumiwa.

Iko methali nyingine inayofika mbali zaidi. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Mwalimu Nyerere aliitumia mwaka 1962, alipokuwa akieleza maana ya ujamaa, kuonyesha kwamba kila mtu ana wajibu wa kufanya kazi. Mimi naisoma pia kwa upande wa pili. Siku mbili za mwanzo mgeni hupewa chakula kwa sababu si wa hapo. Siku ya tatu, anapokabidhiwa jembe, anaambiwa kwamba amekuwa mwenyeji. Jembe si adhabu, ni uraia. Na mwenye jembe hutazamwa tuta lake: likiwa zuri husifiwa, likiwa baya huambiwa alirudie. Asiyeambiwa alirudie bado ni mgeni, hata akikaa miaka kumi.

Tuiweke hoja mahali, tena mbali na bahari na mbali na ofisi za vioo. Chukua Mungaa, kata ya wilaya ya Ikungi mkoani Singida. Karatasi hazikosekani: katani humo imo hospitali ya Makiungu, iliyoanzishwa na masista wa Kikatoliki katika miaka ya 1950, na hospitali yenye umri huo imeshazaa majalada mengi. Watu nao hawakosekani. Ikungi ipo skuli ya msingi inayowasomesha pamoja watoto wasioona, wenye ualbino na wenzao. Mjini Singida kipo chuo cha ufundi cha Sabasaba, kilichowekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Ama askari wa vita vya Kagera vya 1978 na 1979, hao walitoka pande zote za nchi.

Sasa tufikirie, kwa mfano tu, kwamba meza tatu na skana moja zimewekwa Mungaa, na kwenye meza mojawapo amekaa askari mstaafu aliyepoteza mguu. Majalada yamejaa majina ya Kinyaturu, na mwandiko wa mkono umefifia. Jina Mughwai analiandika Mghwai. Tarakimu 7 anaisoma 1. Msimamizi anaona, lakini ananyamaza. "Masikini," anasema moyoni, "amekwisha kuteseka vya kutosha." Amedhani amemwondolea mtu uchungu. Kumbe kosa halikufutika. Limehamia kwa mtu wa tatu. Mjane atakapokuja kutafuta cheti cha marehemu mumewe, ataambiwa kwamba mtu huyo hayumo. Huruma ya ofisini huhesabu watu wawili, mwajiri na mwajiriwa, nayo humsahau yule aliyeandikwa ndani ya jalada.

Askari, kuliko wengine, anajua thamani ya orodha. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu baina ya 116,000 na 350,000 waliokufa kwa ajili ya Dola ya Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Miongoni mwao walikuwamo wapagazi ambao jina la kikosi chao limebaki katika mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam. Kwa baadhi yao orodha hazikuwekwa vizuri. Kwa wengine wakubwa waliamua tu kwamba majina ya watu wale hayana haja. Hapo ndipo dharau na huruma zinapokutana, ijapokuwa zimetoka njia mbalimbali. Zote mbili huamua kwamba kwa huyu usahihi si lazima.

Sheria imefanya sehemu yake. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya wenye ulemavu waliohitimu kwa kazi hiyo. Lakini sheria huhesabu walioingia mlangoni. Haiwezi kujua kama aliyeingia amekabidhiwa jembe au amepewa kiti tu.

Atasema mtu: huu ni ukali juu ya wanyonge. Sivyo. Mpini wa jembe hupimwa kwa mkono wa mlimaji, na hilo ni haki yake: meza ya kimo chake, mwanga wa kutosha, usafiri, saa zinazolingana na maumivu yake. Kinachobadilishwa ni mpini, wala si tuta. Na malipo yawe ya kazi, yasiwe ya shukurani. Ama yule ambaye mwili au akili yake haiwezi tena kazi yoyote, huyo anadai matunzo kwa haki, bila ya kulazimishwa kuigiza kazi. Matunzo ni wajibu wetu. Tusiyavishe kanzu ya ajira.

Tena wako ambao hatuna budi kuwaweka mwanzo wa mstari kwa sababu ya ujuzi wao. Ukurasa uliopigwa picha tu, kwa msomaji asiyeona, ni bubu kama karatasi; programu ya kusoma kwa sauti haipati herufi za kutamka. Nani basi wa kutuambia kama waraka umefunguliwa kweli, au umehamishwa kutoka kabati moja la giza kwenda jingine? Ni huyo huyo asiyeona. Akisema "hapa hapasomeki", kazi irudiwe. Na siku atakapokosea yeye, aambiwe vile vile.