Lori na Sanadi Yake

Ndugu wawili, mkubwa ana miaka 79 na mdogo 76, walinisimamisha katikati ya malori mawili wakaniambia niamue lipi ni la baba yao. Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba, kwenye ranchi moja magharibi ya Fort Worth, jimbo la Texas. Nyuma ya seng'enge walisimama ng'ombe wa pembe ndefu wakicheua, kama wazee wa baraza waliokwisha kuisikia kesi hiyo mara nyingi.

Sikio ndilo lililonipeleka pale. Mwezi mmoja kabla, nilikuwa kituo cha mafuta na lori la kampuni, ambalo gia zake hujibadili zenyewe na saa zangu za kazi huziandika lenyewe. Nikasikia injini ya zamani inanguruma upande wa pili. Nikaifuata. Mwenyewe akanikuta nimesimama kando ya boneti yake, nimefumba macho. Akaniuliza nasikiliza nini. Nikamwambia, "Ujana wangu." Akanialika kwenye mkutano wa wenye malori ya zamani.

Mkutano wao hauna kadi wala kiingilio. Kila mtu huja na chakavu chake na kiti cha kukunja. Siku ile yalikuwapo malori kama thelathini, Chevrolet, Ford na International za miaka ya 1940 na 1950. Mengine yalikuja kwa nguvu zake, mengine juu ya tela kama mgonjwa kwenye machela. Wazee wanafunua boneti, wanaingiza vichwa, na huko huko wanazungumza. Nyama ilikuwa inaokwa kwa moshi tangu usiku. Mimi, kwa kuwa sikujua imechinjwaje, nilikwenda na chupa mbili za chai ya tangawizi na ndoo ya mandazi. Kufika adhuhuri ndoo ilikuwa tupu, na mwenyewe sikuambulia hata moja.

Lori la mkubwa ni Mack B-61 la mwaka 1958. Aina hiyo ya B kiwanda kilitengeneza zaidi ya 127,000 kati ya 1953 na 1966, yale yenye mabega ya mviringo na sanamu ya mbwa juu ya boneti. Ndani kuna vijiti viwili vya gia. Ukitaka kuvihamisha kwa pamoja, unapenyeza mkono wa kushoto ndani ya usukani ushike kimoja, wa kulia ushike kingine, na kwa nukta hiyo usukani hauna mwenyewe ila Mungu. Baba yao alilitumia kupeleka ng'ombe kwenye mnada wa Fort Worth.

Sasa kesi. Injini ilipasuka bloku mwaka 1971, mkubwa akaweka nyingine. Kebini ilipooza kwa kutu, akanunua ya lori lililokufa. Baadaye giaboksi, springi, rimu, tangi, mpaka chuma kimoja kati ya viwili virefu vya chesisi. Kila alichokitupa, mdogo wake alikiokota akakirundika chini ya mti wa mesquite, ndugu wa ule ambao kule Baringo, Kenya, wanauita mathenge. Alipostaafu akaunganisha vyote. Lori lake haliwaki na halitawaka. Lakini bloku ni ile iliyopasuka, kebini ni ileile, na kiti kina tundu lililochomwa na sigara ya baba. Aliweka kidole juu ya tundu lile, akasema, "Hapa ndipo alipokaa. Huko kwa kaka yangu alikaa wapi?"

Kisa chao kina babu. Plutarch aliandika kwamba watu wa Athens waliitunza merikebu ya shujaa wao Theseus kwa kung'oa kila ubao uliooza na kupachika mpya, hata wanafalsafa wakagawanyika: wapo waliosema ni ileile na wapo waliokataa. Mwaka 1655 Mwingereza Thomas Hobbes akalikoroga jambo hilo zaidi: je, ikiwa mtu aliziokota zile mbao kuukuu akaunda nazo merikebu ya pili? Hobbes alilileta kama fumbo tu. Mimi nililikuta Texas likiwa na kofia na mkongojo.

Jibu langu la kwanza lilikuwa la kidereva: namba ya chesisi. Trafiki wa Chalinze, kule kwetu Tanzania, hababaishwi na rangi. Anainama, anasoma namba, analinganisha na kadi ya gari. Mkubwa alifurahi. Akatandika gunia, tukaingia wote wawili uvunguni na tochi. Akasugua chuma kwa brashi ya waya, vumbi jekundu likatuangukia usoni, na namba zikajitokeza moja moja, zimegongwa kwa mkono, nyingine zimelala upande. Chuma kile cha upande mmoja ndicho pekee kilichobaki cha asili.

Nikiwa chali pale chini nilimkumbuka maalimu wangu wa chuo cha Qur'ani. Alitufundisha hadithi ya Mtume iliyopokewa na Abu Huraira, kwamba mwanadamu huoza mwili mzima isipokuwa kifupa kimoja mwisho wa uti wa mgongo, na kutokana na hicho ataungwa tena Siku ya Kiyama. Sisi watoto tulikuwa tunajipapasa nyuma ya kaptula kuhakikisha kipo. Sasa nikaona: Mola naye amegonga namba, na ameigonga mahali ambapo mwenyewe huwezi kupaona.

Nilitoka uvunguni nimeshashinda kesi, mpaka mdogo aliponiuliza, "Usiku huu nikikata kipande kile kwa mashine, urefu wa kiganja, nikakichomelea kwenye lori langu, baba atakuwa amehamia kwangu?"

Nilinyamaza. Maana kama jibu ni ndiyo, basi baba yao ni kipande cha chuma. Na kama ni hapana, basi namba ni alama ya kitu kingine, na kitu hicho sikukisema. Mungu akichagua kuanzia kwenye kifupa, ni hiari yake. Siamini kwamba mimi ndimi kifupa.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliliona hilo alipowajibu wanafalsafa juu ya ufufuo. Mtu, alisema, si yeye kwa sababu ya nyama yake. Viungo vya utoto hubadilishwa na chakula mpaka uzeeni, na bado ni mtu yuleyule, kwa kuwa yeye ni nafsi. Jibu hilo linanitosha kwa mtu. Kwa lori halinisaidii, kwa sababu lori halina nafsi. Na hata hivyo wale wazee wote pale, wakiliona la mkubwa linaingia getini, husema "lile la marehemu," bila kusita. Kama kitu kisicho na roho kinaweza kuwa kilekile miaka sitini na kitu huku vyuma vyake vikibadilika, kuna kinachofanya kazi hiyo, na si roho, na si chuma.

Nikawauliza swali lingine: nani aliliendesha, na mwaka gani? Mkubwa akataja bila kufikiri. Baba mpaka 1969. Yeye mwenyewe miaka thelathini. Mwanawe alipojifunza. Mjukuu wa kike, ambaye siku ile alikuwa pale, mikono imejaa grisi. Hakuna mwaka ambao ufunguo ulikosa mfuko. Mdogo akaanza naye: injini ililala chini ya mti tangu 1971, kebini ikaja baada ya miaka, rimu baadaye. Akasita. Kwa miongo mingi vitu vile havikuwa lori. Vilikuwa skrepa ya ndugu mdogo.

Chuoni tulifundishwa kwamba hadithi ina sehemu mbili, matni na sanadi: maneno yenyewe, na mlolongo wa watu walioyapokea, fulani kutoka kwa fulani. Maneno yanaweza kuwa mazuri, yenye hekima, hata ya kweli. Lakini sanadi ikikatika, hayanasibishwi na Mtume kwa yakini. Lori la mdogo lina matni karibu yote, ila ule upande mmoja wa chesisi. La mkubwa limebadilishwa karibu kila herufi, lakini mnyororo wake haukukatika: kila aliyeweka spea mpya aliiweka kwenye lori ambalo tayari alilijua ni la nani.

Nikawaambia hivyo, kwa maneno mepesi. Nikamgeukia mdogo: "Linalotembea ndilo lori la baba yenu. Lako ni kaburi lake. Na kwetu kaburi lina heshima yake, halikanyagwi." Alilitazama tundu la sigara muda mrefu. Kisha akasema, "Basi mimi ndiye mlinzi wa kaburi." Kaka yake akamsogezea kiti.

Nimesuluhisha ya wenzangu, yangu je? Goti langu la kulia ni chuma. Jicho moja lina lenzi ya plastiki baada ya kutolewa mtoto wa jicho. Meno ya juu huyavua usiku. Niliinua mkono nikaapa kiapo cha uraia, pasipoti ikabadilika rangi. Jina langu, kwa kuwa lilikuwa linawachosha kazini, limekatwa likabaki silabi moja, nami naitika.

Mwaka 1978 nilikuwa utingo kwenye Fiat 682, ukoo wa malori yaliyobeba mafuta na shaba kati ya Dar es Salaam na Zambia tangu Rhodesia ilipojitangazia uhuru wake Novemba 1965 na njia ya kusini ikawa haitegemeki. Mlima Kitonga tulikuwa tunaupanda kwa mwendo wa maiti. Kazi yangu ilikuwa kutembea nyuma ya lori nimebeba gogo begani. Likizima, nalisukumia gogo nyuma ya tairi kabla mzigo haujaturudisha bondeni. Dereva wangu akanipa jina, Kigogo, akicheka kwamba ndiye kigogo pekee nchini asiye na viatu. Yeye ndiye aliyenifundisha usukani.

Wazazi wangu wamekwisha kutangulia. Katika walionijua nikiwa na miguu yangu miwili ya kuzaliwa, amebaki yeye, yuko Morogoro. Miezi michache kabla ya ranchi nilimpigia. "Shikamoo, mzee." "Marahaba." Kimya. Kisha akauliza kwa adabu, "Samahani, wewe nani mwenzangu?" Nikasema Kigogo. Akasema, "Hapana, Kigogo ni kijana mdogo," akampa binti yake simu.

Kama ni kweli ninavyodai, kwamba kitu huwa kilekile kwa mnyororo wa wanaokijua, basi siku ile pete moja ilifunguka, na sina nyingine ya kuziba. Hapo ndipo hoja yangu inapoishiwa na watu. Qur'ani inasimulia Firauni alivyomuuliza Musa: na vile vizazi vya zamani, habari zao zikoje? Musa hakujibu kwa mifupa wala kwa roho. Alijibu kwamba ujuzi wao uko kwa Mola wake, katika maandiko, naye Mola hakosei wala hasahau. Zamani nililiona jibu hilo kama la kukwepa. Sasa naona ndilo jibu lenyewe. Kufufuka kunahitaji uwezo wa kuunga mifupa, sawa; lakini kabla ya hapo kunahitaji Mmoja ambaye kwake hukupata kuwa skrepa hata siku moja.

Jioni mkubwa alinirushia ufunguo. Nilizunguka malisho mara mbili, mkono wa kushoto ndani ya usukani, gia ya tatu ikinilalamikia kidogo. Nikalisimamisha penye kilima, nikavuta breki ya mkono, nikashuka. Kando ya moto palikuwa na kuni za mwaloni. Nikachukua gogo moja.

"Breki inashika," mkubwa akaniambia.

"Najua," nikasema. Nikainama, goti la chuma likalia, nikalisukumia gogo nyuma ya tairi.