Nilisema Nimeandika Mwenyewe



Leo sina mahubiri makubwa. Nina deni. Mwenzenu naandika programu za kompyuta, nimejiajiri, ofisi yangu ni meza ya chumbani na laptopu moja ambayo betri yake ilishakufa siku nyingi. Na kama wengi wenu mnaofanya kazi hii, natumia akili mnemba: unaielezea unachotaka kwa maneno ya kawaida, yenyewe inakuandikia msimbo. Sijaja kukuambia uiache. Mimi mwenyewe sijaiacha.

Mwaka jana kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, wako 42, wengi wao wa jumuiya yetu, waliniomba niwatengenezee mfumo. Kila mama aweze kuona kwenye simu hisa zake, mkopo wake na kiasi alichobakiza. Tukakubaliana shilingi 1,200,000 na wiki sita. Kiukweli niliumaliza kwa jioni tatu. Nilikimwagia kile chombo kila kitu, hadi daftari lao lenye majina, namba za simu na madeni, kikanitolea mfumo unaong'aa. Nikaujaribu kwa jina langu, ukafunguka. Nikakaa nao kimya wiki tano ili nionekane nimehangaika. Siku ya kukabidhi, mama mweka hazina akaniuliza, "Mwanangu, haya yote umeandika mwenyewe?" Nikajibu, "Ndiyo mama, mwenyewe." Wakanipigia vigelegele.

Basi, hata miezi miwili haikupita. Mwishoni mwa anwani ya ukurasa wa kila mama kulikuwa na namba yake ya uanachama. Mtoto wa mmoja wao, akichezea simu ya mama yake, akabadilisha 17 kuwa 18. Ukafunguka ukurasa wa mama mwingine. Mfumo ulikuwa unauliza kama umeingia kwa neno la siri, lakini haukuuliza kama ukurasa unaoutaka ni wako. Ni kosa la siku nyingi, linajulikana, na mtu wa kazi hii aliyeusoma ule msimbo kwa makini angeliona. Mimi sikuwa nimeusoma.

Namba 18 alikuwa na mkopo ambao hata mume wake hakuujua. Sitasema ulikuwa wa nini. Ilipofika Jumapili, nje ya kanisa baada ya Misa ya kwanza, watu walikuwa wanautaja hadi shilingi ya mwisho. Yule mama akaacha kuja kwenye kikundi, kisha akaacha kuja kwenye jumuiya.

Mweka hazina akanipigia simu. Hakugomba. "Mwanangu, si wewe ndiye uliyeandika? Basi tueleze imekuwaje." Nikabaki kimya. Unaijua aibu ya kuulizwa habari za kazi ya mikono yako, na wewe huijui? Usiku ule ndipo nilipousoma kwa mara ya kwanza msimbo niliosema nimeuandika.

Jumamosi nikaenda kitubio. Nilikuwa nimejipanga na maswali ya kisomi: je, kutumia akili mnemba ni dhambi? Je, kulipisha bei kamili kwa kazi ya jioni tatu ni wizi? Padre alinisikiliza, halafu akaniuliza jambo moja tu: "Hao akina mama walikulipa kwa ajili ya nini?"

Nimetembea na swali hilo hadi leo. Hawakulipia vidole vyangu kubonyeza vitufe. Seremala akinunua randa ya umeme, hatumwambii apunguze bei ya kabati kwa sababu hakutoka jasho. Kwa hiyo wepesi wa kazi haukuwa tatizo. Walichokilipia ni kwamba kuna mtu ameangalia, mtu anayeweza kusema: mlango huu umefungwa, nimeusukuma mwenyewe nikaona. Hicho sikuwapa, na hela yake nikala. Hapo amri ya saba ikanikamata. Ya nane ilikuwa imeshanikamata siku ya vigelegele.

Kanisa halijanyamaza juu ya haya. Hati ya Vatikano iitwayo Antiqua et Nova, ya Januari 2025, inafundisha kwamba wajibu wa kimaadili unabaki kwa binadamu anayeunda na kuitumia akili mnemba. (Naongeza la kwangu: mashine haiwezi kupanga foleni ya kitubio.) Papa Leo XIV, siku mbili tu baada ya kuchaguliwa Mei 2025, aliwaeleza makardinali kwamba alichukua jina hilo hasa kwa ajili ya Leo XIII, aliyeandika Rerum Novarum mwaka 1891 kuhusu wafanyakazi wakati wa mapinduzi ya viwanda, na akaitaja akili mnemba kama changamoto mpya kwa utu, haki na kazi. Nilipolisikia hilo nilidhani wanaambiwa matajiri wenye makampuni. Kumbe na mimi mwenye betri iliyokufa nimo. Hata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inanihusu. Daftari la akina mama halikuwa langu kulipeleka popote.

Lakini kuna lililoniuma zaidi, na padre sikumwambia siku ile kwa sababu nilikuwa sijaliona.

Nilikuwa na dogo mmoja wa VIWAWA, nikimfundisha kazi. Nilikuwa nampa vijikazi: kutengeneza fomu, na hasa kuujaribu mfumo kwa kuuchokoza. Alikuwa na tabia ya kubadilisha kila namba anayoiona, ananikera, "Kaka, hebu ona hii!" Nilipopata kile chombo nikamwambia kwa sasa hakuna kazi. Yeye angeigusa ile 17 siku ya kwanza.

Kitabu cha Kutoka kinamtaja Besaleli, fundi ambaye Mungu alimjaza Roho wake kwa ajili ya kazi ya dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao za hema. Nilikuwa najipa moyo kwa sura ya 31. Nikaendelea hadi ya 35, nikakuta Mungu alimtia moyoni pia kuwafundisha wengine. Jamani, nilifunga Biblia.

Sasa hivi mteja namwambia mapema kwamba natumia akili mnemba. Mmoja alicheka akataka punguzo la nusu, tulishindwana. Majina ya watu hayaingii tena mle, natunga ya uongo. Dogo amerudi, analipwa kwa kila mfumo anaoukagua, na ule wa akina mama tuliurekebisha bure. Nusu ya hela yao nimerudisha, iliyobaki nalipa kidogo kidogo. Hilo ndilo deni nililolitaja.

Kwa yule mama nilienda nyumbani. "Shikamoo mama." "Marahaba." Akanipa chai. Nikamweleza yote, hadi uongo wa siku ile. Akasema amenisamehe, ila kwenye jumuiya bado hajarudi. Alhamisi tunakutana tena, kiti chake huwa tunakiacha. Naomba mmkumbuke katika Rozari zenu wiki hii.