Mkahawa Usio na Mlango

Tunapenda kusema kwamba mjini mtu yuko peke yake. Ndugu akishapelekwa Marekani au Kanada, baada ya miezi michache anapiga simu: nyumba nzuri, maji ya moto yapo, lakini jirani wa mlango wa pili simjui hata jina. Sisi huku tunatikisa kichwa. Afadhali sisi, tunasema, maana hapa ukikohoa usiku, asubuhi bloku nzima inakupa pole. Sawa. Lakini je, ni majengo yanayomfanya mtu awe mpweke? Wako wachoraji waliolitazama swali hili kwa makini, na picha zao zinaweza kutusaidia hata sisi tusioishi ghorofani.

Picha inayojulikana zaidi ni Nighthawks ya Mmarekani Edward Hopper. Aliimaliza mwanzoni mwa mwaka 1942, wiki chache baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor, na leo iko Chicago, katika jumba la Art Institute. Ni usiku, mtaa mtupu. Kwenye kona kuna mkahawa wa vioo vikubwa, taa zinawaka. Ndani wako watu 4: mhudumu mwenye nguo nyeupe, mwanamume na mwanamke wa nguo nyekundu waliokaa karibu bila kutazamana, na mwanamume mwingine aliyetupa mgongo. Hopper mwenyewe alikubali kwamba labda, bila kukusudia, alichora upweke wa mji mkubwa.

Sasa hebu tafuta pa kuingilia. Fuata kioo chote, mwanzo hadi mwisho: mlango wa barabarani hauonekani. Upo mmoja tu, ule wa ndani unaoelekea nyuma. Watu wale hawakukosa wenzao, wenzao wapo umbali wa mkono. Kinachokosekana ni mlango. Na sisi watazamaji tumesimamishwa nje gizani, tunaona kila kitu, hatuwezi kuingia, nao hawajui kama tupo.

Hopper huyohuyo alichora Automat mwaka 1927. Automat ilikuwa aina ya mkahawa ambako chakula kilikaa nyuma ya vidirisha vya kioo: unatumbukiza sarafu, unafungua, unachukua. Hakuna wa kukuuliza, "Mama, utakula nini?" Kwenye picha mwanamke amekaa peke yake na kikombe, mkono mmoja bado umevaa glavu, nyuma yake dirisha jeusi. Watu wengi wanamwonea huruma. Mimi sina uhakika. Pengine amechoka, na amepata dakika 10 ambazo hakuna anayemdai neno. Muulize mama wa kambini anayelala na watoto 6 chini ya turubai moja, ambaye akijibizana na mumewe mtaa mzima unasikia, kama angekataa kukaa kwenye kiti kile nusu saa.

Kwa hiyo tusichanganye faragha na upweke. Kote kuwili mtu yuko peke yake, ila tofauti ni nani ameshika komeo. Ukiweza kufunga mlango kutoka ndani na kuufungua unapotaka mwenyewe, hiyo ni faragha. Ukifungiwa na wengine, au ukiwa huna hata mlango wa kufunguliwa mtu, huo ni upweke, hata kama umezungukwa na watu 1,000. Ndiyo maana mmoja anakuwa mpweke ghorofani Chicago na mwingine kwenye foleni ya mgao.

Mchoraji wa siku zetu, Julie Mehretu, ametazama mji kwa njia nyingine. Alizaliwa Addis Ababa mwaka 1970, na mwaka 1977 familia yake iliikimbia Ethiopia ikaenda Marekani. Kazi yake ya mwaka 2012 iitwayo Mogamma ina picha 4, kila moja ndefu kuliko mita 4. Jina ni la jengo la serikali katika uwanja wa Tahrir, Cairo, ambako kwa miaka mingi raia na wageni walifuata vibali na mihuri. Mehretu amelaza michoro ya jengo hilo na ya viwanja vingine, mstari juu ya mstari, halafu akaongeza alama nyeusi kama moshi. Uso hakuna hata mmoja. Ukisogea karibu unaona madirisha, nguzo, na alama ndogondogo kama watu wanaotazamwa kutoka angani.

Hapo tunahusika. Kambi nayo ilichorwa kwenye karatasi: zoni, bloku, namba. Mchoro ule unahitajika, bila huo lori la maji halijui liende wapi. Lakini kutoka juu mtu ni alama, na kwenye dirisha la ofisi mtu ni sura nyuma ya kioo. Hata mfanyakazi aliyekaa ndani, jamani, mara nyingi jibu hana. Wawili wanatazamana, na mlango hakuna.

Mtu atasema mlango peke yake hauleti undugu. Kweli. Ndiyo maana wazee walituachia hodi. Hodi inamheshimu mtu mara mbili: inamwambia hajasahauliwa, na inamwambia ana haki ya kusema "karibu" au "ngoja kidogo". Ukipiga hodi mara tatu bila jibu, unaondoka. Na hodi haidai ukuta, hata turubai inatosha. Anayeingia hemani bila hodi kuhesabu mablanketi amemnyang'anya mtu faragha. Anayemwacha mtu kwenye kioo bila hata kumwambia "ngoja" amemwachia upweke. Naona ni kosa moja: wote wawili wameshika komeo lisilo lao.

Kwa hiyo ndugu yetu wa ghorofani, usingoje majengo yabadilike. Jioni moja piga hodi kwa huyo jirani wa mlango wa pili. Akisema ngoja, usikasirike. Angalau umeshaijua sauti yake.