Hesabu Sahihi, Sayari Isiyokuwapo

Soma kwa Ajili ya Somo Hili: Zaburi 19:1–4, Mathayo 20:1–6, Ayubu 38:31–33, Danieli 8:14, Waebrania 8:1, 2, Zaburi 147:3, 4.

Usiku wa Septemba 23, 1846, katika kituo cha kutazamia nyota mjini Berlin, Johann Galle alikuwa kwenye darubini akitaja nyota moja moja alizoziona, na mwanafunzi Heinrich d'Arrest akizitafuta katika ramani ya anga. Hii ipo. Hii nayo ipo. Kisha ikatajwa moja ambayo haikuwamo katika ramani. Ilikuwa sayari ambayo leo tunaiita Neptuni.

Siku hiyo hiyo Galle alikuwa amepokea barua kutoka Paris ikimwambia mahali pa kutazama. Aliyeiandika, Urbain Le Verrier, hakuwa ameiona sayari hiyo. Alichokuwa nacho ni karatasi, kalamu, na jambo moja lililowasumbua wataalamu wa nyota kwa miaka mingi: sayari Uranusi, iliyogunduliwa na William Herschel mwaka 1781, haikuwa ikipita pale ambapo kanuni ya mvutano ya Isaac Newton ilisema ingepaswa kupita. Le Verrier akajiuliza: ikiwa kuna sayari nyingine huko mbali inayoivuta, lazima iwe wapi? Akapiga hesabu. (Mwingereza John Couch Adams naye alikuwa akiifanya kazi hiyo hiyo kivyake.) Sayari ilionekana chini ya digrii 1 kutoka mahali alipopataja. Mwezi mpevu huchukua kama nusu digrii ya anga. Basi kosa lake halikufika upana wa miezi miwili.

Soma Zaburi 19:1–4. Mbingu husema nini, na husema kwa namna gani?

Daudi anatuambia mambo mawili yanayoonekana kama yanapingana. Mbingu zinatangaza mchana na usiku, na habari zao zimefika miisho ya dunia. Lakini hakuna aliyewahi kusikia sauti yao. Ni usemi usio na maneno. Mwaka 1623 Galileo aliandika kwamba kitabu cha maumbile kimeandikwa kwa lugha ya hisabati, na kwamba asiyeijua lugha hiyo hawezi kukielewa. Tukiukumbuka usiku ule wa Berlin, si rahisi kumbishia. Mtu aliyeketi mezani alitamka jambo kwa hesabu, na anga likaitikia.

Lakini hiyo ni lugha ya nani? Ni ya maumbile yenyewe, au ni yetu sisi tunaoyaeleza?

Soma Mathayo 20:1–6. Mwenye shamba alitoka saa ngapi kuajiri wafanyakazi?

Msomaji wa Kiswahili hulielewa fungu hili bila kufafanuliwa. Saa tatu, saa sita, saa tisa, saa kumi na moja: ndivyo tunavyohesabu hata leo, kuanzia jua linapochomoza. Msomaji wa Kiingereza inabidi aelezwe kwamba saa tatu ya mfano huu ndiyo anayoiita yeye saa tisa ya asubuhi. Wawili hao wanatofautiana kwa saa sita, na jua liko mahali pale pale. Namba tumeziweka sisi, na pa kuanzia kuhesabu tumepachagua sisi. Ila kwamba adhuhuri huugawa mchana katika nusu mbili, hilo hakuna aliyelipigia kura. Bwana alipomwuliza Ayubu kama anazijua amri za mbinguni (Ayubu 38:33), hakumwuliza kama alizitunga. Maneno ya hisabati ni ya wanadamu. Utaratibu unaoelezwa kwa maneno hayo tuliukuta.

Na kama hisabati ni lugha, basi tukubali na jambo la pili, ambalo husahauliwa. Katika lugha yoyote mtu anaweza kusema sentensi yenye sarufi safi kabisa, nayo isiwe kweli.

Le Verrier mwenyewe ndiye shahidi. Baada ya Neptuni aligeukia Utaridi, sayari iliyo karibu zaidi na jua. Mahali ambapo Utaridi hulikaribia jua zaidi husogea kidogo kidogo kila mara inapolizunguka, na hesabu za Newton zilieleza karibu mwendo huo wote. Karibu. Ilibaki tofauti ndogo sana, ambayo kwa vipimo vya leo ni sekunde 43 za digrii katika miaka 100. Digrii 1 ina sekunde 3,600; kwa mwendo huo ingechukua zaidi ya miaka 8,000 kutimiza digrii moja. Mwaka 1859 Le Verrier alitangaza tofauti hiyo na kuieleza kwa njia iliyomfaa mara ya kwanza: kuna kitu kingine, karibu zaidi na jua, kinachoivuta Utaridi. Daktari mmoja wa kijijini huko Ufaransa akasema ameona doa jeusi likipita mbele ya jua. Sayari ikapewa jina, Vulcan, na watu wakaitafuta kwa miaka mingi. Le Verrier alikufa mwaka 1877 akiwa bado anaiamini.

Haikuwapo. Mtu ni yule yule, ustadi ni ule ule, hesabu hazikuwa na dosari, na huko juu hapakuwa na kitu. Novemba 1915 Albert Einstein alionyesha kwamba kanuni yenyewe ya mvutano ndiyo iliyohitaji kuandikwa upya, na zile sekunde 43 zikajitokeza bila sayari yoyote mpya.

Hapa sisi Waadventista hatuwezi kusoma kama watazamaji. Miaka miwili kabla ya usiku ule wa Berlin, watu wetu walipiga hesabu.

Soma Danieli 8:14 na Waebrania 8:1, 2. Ni patakatifu papi panapotajwa katika Waebrania?

William Miller, mkulima wa jimbo la New York, alijifunza Biblia kwa miaka miwili na kufikia mwaka 1818 alikuwa amehesabu siku 2,300 za unabii, akizianzia mwaka 457 kabla ya Kristo. Ukitoa 457 katika 2,300 unapata 1843. Lakini kati ya mwaka 1 kabla ya Kristo na mwaka 1 baada yake hakuna mwaka wa sifuri. Kwa hiyo jibu ni 1844. Hata sifuri ilikuwa na la kusema. Kisha Oktoba 22 ikaja, wakangoja, pakakucha. Tunaamini kwamba hesabu ilisimama. Walichokikosea ni tukio. Walidhani patakatifu ni dunia hii, nao hawakuwa wamemuuliza mwandishi wa Waebrania.

Tusiharakishe kusema kwamba wao walipata Vulcan na sisi tuna Neptuni. Neptuni ilionekana kwa darubini. Huduma ya Kristo katika patakatifu pa mbinguni tunaipokea kwa Neno na kwa imani, na hakuna darubini ya kumwonyesha jirani. Inayotuhusu ni ile asubuhi ya Oktoba 23. Wapo walioacha imani kabisa. Wapo waliotafuta tarehe nyingine, na nyingine tena. Na wapo waliofungua Biblia upya, wakauliza fungu lenyewe linasema nini. Hata leo anaweza kusimama ndugu mbele ya kanisa na chati yake, miaka imejumlishwa na kutolewa vizuri, na watu wakanyamaza kwa sababu namba hazibishaniwi. Namba zake huenda ni sahihi. Swali la kumwuliza ni lingine: nani amekuambia kwamba ulichokihesabu ndicho kitakachotokea? (Soma Mathayo 24:36.)

Soma Zaburi 147:3, 4. Mungu hufanya nini na nyota, na mstari unaotangulia unasema anafanya nini na watu?

Mtunga zaburi ameweka idadi na majina katika mstari mmoja. Mungu anazihesabu nyota, kisha anaziita kila moja kwa jina lake. Nusu ya kwanza ya mstari huo tumepewa tuifuate kwa mbali, kwa kalamu na darubini. Ile ya pili hakuna hesabu inayoifikia, maana jina hupewa na anayekujua. Na mstari wa 3, mara tu kabla ya kuhesabiwa kwa nyota, unasema juu ya waliopondeka moyo.

Maswali ya Kujadili:

1. Je, umewahi kushikilia hitimisho kwa sababu tu hatua zake zote zilikuwa sahihi? Ni nini kilichokuonyesha kwamba halikuwa kweli?

2. Kijana wa kanisa lenu anayesoma fizikia chuoni anakuuliza: ikiwa hesabu zinaeleza mwendo wa sayari zote, Mungu amebakiwa na kazi gani? Utaanzia katika fungu gani kati ya haya mliyosoma?