Panga la Kuazima

Ukiazima panga kwa bibi yangu kule Nyaishozi, siku ya kulirudisha halipokei hivi hivi. Analipitisha motoni kwanza. Tangu mnyauko uingie kwenye migomba ya Kagera miaka ya 2000, watu wamejifunza kwamba ugonjwa ule husafiri kwa panga na kwa machipukizi ya kupanda. Jirani anaweza kuwa mtu mwema kabisa. Panga lake je?

Mimi mjini naandika programu. Niliwahi kutengeneza moja ya wakulima wa kahawa: jina, namba ya simu, kilo, malipo. Tuliifunga katika kontena, yaani furushi lenye programu pamoja na vyote inavyovitegemea, tayari kupelekwa kwenye wingu. Humo nikasahau neno la siri la kufungulia kumbukumbu zote. Nilipogutuka nikaongeza amri ya kulifuta, nikaliweka furushi kwenye ghala la wazi la mtandaoni, nikalala usingizi. Kumbe furushi hilo hujengwa tabaka juu ya tabaka. Ukifuta juu, chini limebaki. Mwenye subira angefukua tu.

Wiki mbili zilipita kabla sijajua. Tukabadilisha neno la siri. Dalili ya wizi hatukuona.

Mwenzangu akaniambia, "Usalama una wenyewe, bwana. Sisi tujenge, wao watakagua mwisho." Hapo ndipo ninapogoma. Mkaguzi wa mwisho hukuta shamba limeshapandwa. Na sisi wajenzi huanzia juu ya tabaka za watu tusiowajua. Mwaka 2024 mlango wa siri ulikutwa ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili. Aliyeupachika alikuwa ameisaidia kazi ile zaidi ya miaka miwili, mpaka akaaminiwa. Andres Freund aliugundua kwa sababu kuingia kwenye kompyuta kulichelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde!

Utasema, ukiogopa kila chipukizi utalima nini? Kweli. Siwezi kusoma kila mstari, na msimu wa kahawa haumsubiri mtu. Lakini mkulima hakulichagua furushi langu, wala halioni. Mimi ninaliona. Kati yetu wawili, nani alipaswa kukesha?

Jina la bibi lilikuwemo kwenye orodha ile. Likizo iliyopita akaniuliza, "Kazi zinakwendaje, mjukuu wangu?"

"Salama, bibi."