Hesabu ya Viazi Karai

Tangu janga la korona, kuna sifa ambayo watu wazima hupenda kuwapa vijana waliokuwa sekondari wakati ule: kwamba walijifunza ujasiriamali. Kenya ilifunga shule Machi 2020, na wanafunzi wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Katika miezi hiyo wengine waliuza barakoa, wengine mboga, wengine maji. Tunasema walikomaa. Nasomea shahada ya uzamili katika elimu, na sifa hii naisikia hata kwenye semina zetu. Kila nikiisikia najiuliza: je, ni haki kumsifu mtoto kwa jambo ambalo hakuwa na nafasi ya kulikataa?

Nina jamaa yangu Mombasa, msichana aliyekuwa kidato cha tatu. Watalii walipokatika, mamake alikosa kibarua cha hoteli, na binti akaanza kukaanga viazi karai barazani. Kafyu ilianza saa moja jioni, wakati uleule ambao wateja wa viazi hutoka. Akaanza kuuza mara tu baada ya alasiri, akapunguza mafuta na unga wa dengu, akakataa kukopesha isipokuwa kwa majirani wawili aliowaamini. Mtaji, soko, mkopo, hatari ya hasara: yote yamo katika silabasi ya somo la Biashara, naye aliyajua kwa mikono.

Shule zilipofunguliwa, mihula ilifupishwa ili kufidia muda uliopotea. Alama zake zikashuka, hata katika somo hilohilo la Biashara. Mtihani ulimtaka ataje, kwa Kiingereza, sifa tano za mjasiriamali. Alikumbuka tatu.

Wapo watakaosema kasoro iko kwenye mtihani, maana haukupima alichokijua. Kwa sehemu nakubali. Lakini tukiishia hapo tunamdhulumu kwa njia nyingine. Somo la Biashara lenyewe hufundisha kwamba kila uamuzi una gharama, nayo ni kile unachokiacha ili upate kingine. Katika daftari lake binti aliandika viazi, mafuta, makaa, unga. Saa za hisabati na kemia hakuziandika, wala hakuna mtu mzima aliyemwandikia. Faida ilionekana nzuri kwa sababu gharama kubwa kuliko zote haikuingizwa kwenye hesabu, na aliyeibeba alikuwa yeye peke yake.

Nitajibiwa kwamba wafanyabiashara wengi wa Mombasa walianza kwa dhiki. Ni kweli, wala si aibu. Tena nyumba ile ilikula. Nisingethubutu kumwambia mamake kwamba binti angekaa na vitabu huku sufuria ikiwa tupu. Ila jambo la lazima si lazima liwe jambo la kusherehekea. Mtu mzima anayefungua biashara huweka rehani kilicho chake, na akiona haifai anaweza kuiacha. Msichana huyu aliweka rehani elimu yake kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kuweka. Tukiliita hilo kipaji, tunajifutia deni letu sisi tuliopaswa kumkinga.

Na deni hilo linalipika. Linalipwa kwa saa: masomo ya ziada yasiyotozwa pesa, muda zaidi kabla ya mtihani wa taifa, mwalimu anayeuliza kila mwanafunzi alifanya nini nyumbani kabla ya kumwita mzembe. Mwalimu wa Biashara angeweza kulifungua daftari lile la viazi mbele ya darasa, amwache binti aeleze bei na mkopo wake, kisha amwongezee safu moja aandike saa alizozikosa. Hapo angejifunza ujasiriamali kamili, pamoja na swali ambalo kila mwenye biashara hulazimika kuuliza: gharama hii ilikuwa ya nani kulipa?